Michungwa ya Nassibu

Kwihara, Tabora
19 Oktoba 1969

Mwanangu Nassibu,

Salaam aleikum. Sisi huku ni wazima, joto tu ndilo linatutoa roho. Kuku wanatembea midomo wazi na mimi nakaribia kuwaiga. Mkeo Zamda hajambo? Mjukuu wangu ameota meno? Ukinijibu "wote wazima" kama barua iliyopita, nitajua hata hukumtazama mtoto kinywani. Goti langu la kushoto linaendelea kutabiri mvua, na linakosea kama kawaida yake.

Sasa nikupe yangu. Unakikumbuka kile kiwanja kando ya kisima cha zamani, pale ilipobomoka tembe ya yule mfanyabiashara wa misafara, mlipokuwa mkicheza na kunirudia na miba miguuni? Mzee Lugembe, balozi wetu, ambaye siku hizi ndiye mwenyekiti wa kijiji, ametupa sisi wanawake tulime mboga za watoto wa shule. Kiwanja ni cha kijiji, kazi ni ya kujitolea, na uongozi nimebebeshwa mimi kwa kosa la kuwa na sauti kubwa.

Alhamisi ndiyo siku ya jembe. Tekla, yule jirani yangu Mkatoliki asiyejua kuchoka, hufika kabla ya jua. Kuluthumu hufika uji ukiwa umeiva. Tulimtungia wimbo wa kumsuta, naye akaupenda, na sasa nadhani anachelewa makusudi ili aimbiwe. Hata hivyo kichaka kimekwisha kufyekwa na matuta yamesimama. Mwanangu, tangu nizaliwe sijapata kuwaona wanawake wa Kiislamu na wa Kikristo wa hapa wakigombania jembe moja namna hii.

Tupatie mbegu za nyanya na bamia. Wewe ni karani wa pamba hapo Igunga, malori yote yanapita mlangoni kwako, hushindwi. Mpe Abasi dereva. Nami nimempa michembe, vile viazi vyetu vya kukaushwa, akuletee, uile ukumbuke kwenu.

Ni mimi mama yako wa pili,
Shangazi Mwanamkuu


Igunga
2 Desemba 1969

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Mtoto ana meno mawili, nimeangalia mwenyewe. Zamda anakusalimu sana na michembe ameimaliza kabla sijarudi kazini. Msimu wa kununua pamba umekwisha, sasa ni makaratasi tu kutwa.

Habari ya bustani imenifurahisha mno. Hiyo ndiyo kujitegemea tunayohubiriwa kila siku, na ninyi mmeianza bila kuhubiriwa. Mbegu za mboga zimejaa madukani Kanyenye, hapo hapo Tabora mjini, hizo zisikusumbue. Mimi nimewatafutia kitu cha maana zaidi: miche ya michungwa, tena iliyobebeshwa, si ile ya kuokota mbegu. Abasi atawashushia ikiwa kwenye makopo ya samli.

Ipandeni kwa mstari, kuanzia kisimani, mzunguke kiwanja chote mpaka mrudi kisimani. Mboga zenu zikae katikati. Mashimo yawe na kina na samadi iwe ya kutosha. Waambie mama zangu wote kwamba ni mimi niliyeileta.

Mwanao,
Nassibu


Kwihara
21 Desemba 1969

Mwanangu Nassibu,

Marahaba, na Idd njema ingawa imekwisha kupita. Tulikula pilau kwa Kuluthumu. Usicheke, siku hiyo hakuchelewa.

Michungwa imefika. Tekla alipoiona alishika shavu akashukuru kwa kilugha, "Wabeja, mwana wane!" kama vile umempa yeye peke yake. Lakini ilitaka kuzuka shida, na lazima nikueleze.

Tulipoanza kuchimba mashimo mzee Lugembe akaja na fimbo yake, akasimama. Akasema, "Mama Mwanamkuu, mila unaijua. Aliyeazimwa ardhi hupanda mtama, hupanda karanga, akivuna anarudisha. Mti hapandi. Mti ukivuka kiangazi umeshika, na mwenye mti ndiye mwenye ardhi, mpaka mti wenyewe ufe. Sasa huyu kijana anatupa miti, au anatutwalia kiwanja?"

Nassibu, uso uliniwaka. Nikamwambia, "Huyu nimemlea mimi tangu mama yake alipofariki angali ananyonya. Nilimtafunia chakula kwa meno yangu. Akisema ametoa, ametoa. Kama hakutoa, nidaini mimi." Lugembe akaniuliza mara ya pili mbele ya watu, nami nikalirudia. Basi nimekuwa dhamana yako. Na dhamana ya kwetu si ya karatasi: neno likianguka, aliyelisema huwatumikia wenzake kwa ndoo na jembe kiangazi kizima mpaka mvua irudi.

Nakucheka tu hapo, maana najua halitaanguka. Lakini mzee ni mzee, mpe moyo utulie. Niandikie maneno mawili nimsomee: kwamba miti umekipa kijiji. Siku hizi nasoma mwenyewe, nimejiunga na kisomo cha watu wazima, na mwalimu anasema herufi zangu zinatembea kama mbuzi lakini zinafika.

Ni mimi mama yako wa pili,
Shangazi Mwanamkuu


Igunga
8 Machi 1970

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Mto Manonga ulifurika, malori yakalala barabarani, na hata Abasi mwenyewe alikaa upande wa pili akila mihogo ya watu. Mtoto alipata surua lakini amepona. Zamda amelima mpunga kidogo nyuma ya nyumba.

Barua yako nimeisoma yote, na mwandiko wako umenifurahisha. Michungwa inaendeleaje? Imeshika? Kiangazi ndicho cha kuogopa. Ikivuka Oktoba haina wasiwasi tena. Wahimize wamwagilie asubuhi na jioni, na maji yamwagwe taratibu shinani.

Nilitaka pia kujua kama watu wanafahamu miti imetoka kwa nani. Watu wa kwetu ni wepesi wa kusahau fadhila.

Mwanao,
Nassibu


Kwihara
26 Julai 1970

Mwanangu Nassibu,

Salaam nyingi, za kwako, za Zamda na za mjukuu wangu aliyenusurika surua. Pole zake. Huku kikohozi cha vumbi kimetupitia nyumba kwa nyumba. Paa langu la udongo limepata ufa, na Tekla amemleta mumewe akaliziba bila kuombwa.

Unauliza kama watu wanajua miti ni ya nani? Ingekuwa jina lako linaisha kwa kutajwa, lingekuwa limekwisha. Watu hawasemi tena "bustani." Wanasema, "Naenda kwenye michungwa ya Nassibu." Watoto wa shule wanasema, "Tumekula mchicha wa kwa Nassibu." Kuluthumu kalitia jina lako kwenye wimbo wake, na tangu alitie hachelewi tena. Hayo ndiyo maajabu uliyoyafanya.

Kisima kimeshuka mpaka kamba imeungwa mara ya pili. Tumegawana zamu kwa nyumba, nyumba hii asubuhi, ile jioni. Siku moja mtoto wa Tekla aliwaka homa. Nikamwambia pumzika, zamu yako nitaishika mimi. Akaja hivyo hivyo, mtoto mgongoni, ndoo kichwani. Akasema, "Mti wa kupewa ukifa mkononi kwangu, nitamtazamaje aliyenipa?" Mboga tumezipunguzia maji ili michungwa iishi.

Sasa, bwana mkubwa, hujanijibu la mzee Lugembe. Barua yako nimeisoma mbele nikaisoma nyuma, nikampa hata mwalimu wa kisomo aitazame, pengine macho yangu yameruka mstari. Hamna. Kila Alhamisi mzee ananiuliza, "Kijana kasemaje?" nami namjibu, "Ana kazi nyingi." Maneno mawili tu, Nassibu. Kalamu unashika kutwa.

Ni mimi mama yako wa pili,
Shangazi Mwanamkuu


Igunga
14 Novemba 1970

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Naandika kwa haraka, Abasi anasubiri nje na injini inanguruma.

Nimepata likizo, nitakuja kula Idd nawe. Siku ya pili ya Idd naomba uwakusanye mama zangu wote pale bustanini, na mzee Lugembe awepo. Nataka kuwashukuru kwa jasho lao. Lile la mzee nitamjibu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mwanao,
Nassibu


Kwihara
20 Desemba 1970

Nassibu,

Salaam aleikum. Sijui hata nikusalimu namna gani, lakini sikufundishwa kuanza barua bila salamu. Zamda na mtoto natumaini ni wazima. Wao hawana kosa.

Uliondoka alfajiri ile bila kuniaga, kwa hiyo nitakusimulia uliyoyafanya, uyasome kwa macho yangu.

Niliwakusanya kama ulivyoagiza. Nilifagia njia mpaka kisimani kana kwamba naoza binti. Ukaja na shati jeupe, ukawagawia kanga, kila mmoja na yake, wakakupigia vigelegele. Ukawauliza huku unatabasamu, "Mama zangu, hivi miti hii mnaiitaje?" Wakaitikia kwa sauti moja, "Michungwa ya Nassibu!" Kuluthumu akaongeza na wimbo. Mimi nilikuwa nalia kwa furaha, mjinga mimi. Halafu ukamgeukia mzee Lugembe, lile tabasamu lingali usoni, ukasema, "Mzee, umewasikia. Miti ni yangu, imevuka kiangazi, imezunguka kiwanja chote. Mila ni mila. Naomba kiwanja changu."

Mzee hakukutazama wewe. Alinitazama mimi.

Angefanyaje? Mashahidi walikuwa wale wale waliokushukuru. Angewaambia wameimba uongo? Alikaa na wazee siku tatu, na hukumu ikawa kama ulivyotaka. Yule mtu uliyemwacha akulindie kiwanja amekwisha kupanda minyaa kufanya ua, na matuta yetu ameyasawazisha, bamia zikiwa na maua. Tekla aliikunja ile kanga yako kwa utaratibu, akaiweka juu ya jiwe la kisima, akaenda zake. Wengine wakafanya vivyo hivyo. Kanga zililala pale mpaka mvua ikazilowesha. Kuluthumu haimbi. Nikipita njiani wananiamkia kwa heshima zote, na heshima hiyo ndiyo inayoniua, maana zamani walikuwa wakinitania.

Nina swali moja, sitaki mengine. Ulijua tangu kopo la kwanza? Niliponyanyua kichwa mbele ya watu nikasema akisema ametoa ametoa, wewe ulikuwa tayari unajua? Nijibu hilo tu.

Shangazi yako,
Mwanamkuu


Igunga
17 Februari 1971

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Zamda na mtoto ni wazima. Mtoto ameanza kusema, na jina lako analitaja.

Nimeumia kwa barua yako. Umeniandikia kama mwizi. Sikuiba kitu. Nilifuata mila ambayo wazee wenyewe walituwekea, na waliohukumu ni wao, si mimi.

Fikiri na wewe, Shangazi. Baba yangu, ndugu yako wa tumbo moja, alilima ardhi ya kuazima mpaka siku anakufa. Kila alipoweka mbolea ya kutosha, mwenye ardhi alikuja kuichukua ardhi yake. Uliyaona. Mimi nikaapa sitazeeka hivyo. Kazi ya ofisi ni ya watu, leo wanakupa meza, kesho wanaitaka. Kiwanja kile kilikaa na miba miaka yote, hakuna aliyekililia. Wanawake wanaweza kulima mboga popote.

Wewe hutakosa. Nimemwagiza mtu wangu akuachie tuta karibu na kisima, ulime utakacho. Na michungwa ikianza kuzaa, kikapu cha kwanza ni chako.

Mwanao,
Nassibu


Igunga
22 Agosti 1971

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Nimekuandikia mwezi wa nne, na wa sita nikamtuma Abasi kwa mdomo, sikupata jibu. Natumaini ni goti tu linakusumbua na si kitu kikubwa zaidi. Zamda analia kila ikitajwa Idd ile. Sikumweleza yote, lakini wanawake hujua.

Abasi amepita hapo akaniambia majani ya michungwa yamejikunja na mengine yanadondoka. Mtu niliyemweka amekimbia. Anasema kuchota maji ya miti yote ile peke yake ni adhabu, na hakuna hata mmoja pale kijijini anayemshikia kamba. Mimi likizo sina mpaka mwisho wa mwaka. Shangazi, unajua ikifa yote ninapoteza kiwanja. Mzee Lugembe hatasubiri hata siku.

Nakuomba kama mtoto anavyomwomba mama yake. Zungumza na wenzako. Sisemi wafanye bure, nitawalipa. Au mwagilia wewe, hata ile michache ya kisimani, mti mmoja ukiishi unanitosha.

Mwanao uliyemlea,
Nassibu


Kwihara
12 Septemba 1971

Nassibu,

Salamu nitaziweka mwisho, kama zitabaki.

Hakuna aliyeigusa miti yako. Kuna vijana walitaka kuikata, mzee Lugembe akawakataza hata kuvunja kijiti cha mswaki. Alisema ni mali ya mtu, hukumu ilipita, na sisi si wahuni. Mti wake, kiangazi chake. Basi ndivyo tunavyoishi nayo.

Unasema utawalipa. Mwaka jana walikumwagilia mti mmoja mmoja, na mtoto mgonjwa mgongoni, na hawakukuomba hata chumvi. Mwaka huu unataka kuwalipa. Nilipowasomea hapo Tekla aliinuka akaenda kuchochea moto, na moto haukuwa umezimika.

Wamefungua bustani nyingine bondeni, kwenye shamba la mume wa Tekla. Mchicha umeota, watoto wa shule wanakula. Ni mbali na maji, lakini maji wanaletewa. Anayewaletea ni mimi. Nilijitaja dhamana, neno likaanguka, na sikungoja kuitwa. Tangu mvua ilipokatika nachota kisimani, napandisha ndoo kichwani, na njia inapita kando ya minyaa yako. Mwanzoni walitaka kunisaidia. Nilikataa. Kuluthumu akawa ananifuata nyuma bila ndoo, bila kusema, ananisindikiza tu, na juzi nilimsikia akiimba kwa sauti ya chini. Sikugeuka, nisije nikamkatiza.

Sasa nikwambie habari ya ule mchungwa wa kwanza, ule wa kisimani kabisa. Niliupanda kwa mkono wangu. Kopo lake lilikuwa na kutu upande mmoja, lilinikata kidole, na nilifurahi, nikasema damu yangu ipo humo. Siku barua yako ilipofika nilisimama mbele yake na ndoo imejaa. Ulikuwa umebakiwa na majani machache kileleni. Nusu kata ingeutosha siku ile. Kitu kile kile kilichonifanya nikutafunie chakula kilinishika mkono, Nassibu, sitakuficha. Mkono uliinuka mpaka ukagusa ukingo wa ndoo.

Lakini maji yale yalikuwa ya Tekla na wenzake, nayabeba kwa kosa lako. Sikuwa na maji ya kukupa. Nikapita.

Kesho yake nilipita tena. Jana nimeukuta umekauka, na mingine yote ni vijiti. Mzee Lugembe amepita na fimbo yake akitazama mmoja mmoja, na Alhamisi tunang'oa minyaa.

Niliwahi kukuuliza kama ulijua tangu kopo la kwanza. Usinijibu tena. Nimeitoa sandukuni barua yako ya zamani nikaisoma upya, sasa nasoma vizuri. Ulisema tuzunguke kiwanja chote mpaka turudi kisimani. Nami nilidhani unajali mstari ulionyooka.

Msalimu Zamda. Mtoto mwambie bibi yake wa Kwihara yupo, na akija atapokewa, atapewa jembe dogo na tuta lake kama watoto wengine. Mvua zikirudi dhamana yangu imekwisha, na nitakuwa sidaiwi na mtu hapa. Nyumba niliyokulelea haina kufuli, hilo unalijua. Siku utakapokuja usiingie kwangu kwanza. Pitia kwa Tekla.

Mwanamkuu binti Selemani